NYUMBA YA SHIRIKA, NA NANI ATAKAYEZIBA UFA WAKE

Linalokusudiwa katika kurasa hizi chache ni jambo la nyumba wakaayo watu zaidi ya mmoja: je, lamfalia mtu mwenye akili kuingia katika nyumba ya shirika, au bora kwake ni kujitenga na kibanda chake peke yake, hata kikiwa kidogo? Swala hili si la upuzi. Kiwanja katika miji ya pwani kimekuwa ghali, na mawe na saruji ni ghali pia, na kijana aposaye leo hujiona hana ila njia mbili: apange chumba kwa mtu asiyemjua, au ajenge mbali na mji alikozaliwa. Na huku nyuma, katika mtaa ule ule alikozaliwa, iko nyumba ya babu yake yenye vyumba vinane, imetiwa kufuli, na dari yake imeanguka.

Na aanze msomaji na hiyo nyumba ya babu, kwani ndiyo iliyowatia watu wengi chuki ya neno shirika. Mtu amekufa, ameacha mke, na wana wanaume watatu, na mabinti wanne, na nyumba moja ya mawe. Wajuao ilimu ya faraidhi wataikata mafungu 80: mke ana thumuni, yaani mafungu 10, kila mwana mwanamume ana 14, kila binti ana 7. Kufikia hapo mambo ni mepesi. Kisha mmoja wa wale wana akafa kabla ya nyumba kugawanywa, akaacha mama yake yule yule, na mke, na wana wanaume wawili na binti mmoja. Sasa imeingia hesabu iitwayo munasakha, na nyumba haina budi kukatwa mafungu 4,800. Mama mkuu ana 740; wana wawili waliobaki wana 840 kila mmoja; mabinti wanne wana 420 kila mmoja; mjane wa marehemu wa pili ana 105; wanawe wawili wana 238 kila mmoja; na yule binti mdogo ana 119. Hao ni watu kumi na mmoja, na mauti ni mawili tu. Yakipita mauti sita au saba, fungu la mtu halitimii hata upana wa kizingiti.

Kosa haliko katika faraidhi, na mwenye kusema hivyo na auchunge ulimi wake. Faraidhi imempa kila mwenye haki haki yake, mpaka yule mtoto mdogo mwenye mafungu 119. Haikuwaamrisha warithi wakae miaka arubaini pasi na kugawanya, wala kuuziana, wala kuandikiana. Hilo wamelifanya wao wenyewe kwa haya na kwa uvivu. Mara nyingi ni haya: nani atakayefungua mdomo kutaja bei ya nyumba ilhali mama yungali hai ndani yake?

Nyumba haingoji haya ya mtu. Nyumba ya mawe ya matumbawe ina adui mmoja mkubwa, nayo ni maji. Chokaa ya juu ikipasuka na isipakwe upya, mvua hushuka ndani ya dari ikafikia boriti za mikoko, nazo boriti zikilowa kwa misimu kadhaa huoza kwenye ncha zake, pale zilipoingia ukutani, mahali ambapo jicho halipaoni. Siku moja dari hushuka yote kwa pamoja. Na wengine huja wakaupiga ukuta huo saruji, wakidhani wamefanya jambo la nguvu, kumbe saruji huyafungia maji ndani na kuumaliza ukuta upesi zaidi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ni nani wa kuuziba ufa wa watu kumi na mmoja.

Hapo ndipo penye mashaka yenyewe. Akaaye ndani asema: mbona nitengeneze peke yangu nyumba ambayo kumi wengine wataidai kesho? Walio mbali, huyu Maskati, huyu Toronto, wasema: mbona tulete fedha, naye ndiye alalaye bure? Maneno ya pande zote mbili yana haki ndani yake. Na kwa kuwa kila mmoja ana hoja, hapana anayepanda juu ya dari.

Je, sheria yasemaje? Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya watu walio wengi wa pwani hii, Imam Nawawi ametaja katika kitabu chake cha Minhaj kwamba, kwa kauli mpya ya Imam, mshirika hana haki ya kumlazimisha mwenziwe kujenga kilichobomoka. Akitaka kukisimamisha kwa vifaa vyake mwenyewe hazuiliwi, na alichokisimamisha kwa vifaa hivyo ni chake yeye. Kauli ya kale ilikuwa mwenzi hulazimishwa, lakini ishikwayo ni hii mpya. Na hekima yake ni dhahiri: mali ya mtu haitolewi mfukoni mwake ila kwa ridhaa yake, na mjane mwenye mafungu 105 asije akaburutwa kwa kadhi kulipia dari asiyoilalia chini yake.

Lakini wapo walioisikia hukumu hii wakaifanya mto wa kulalia. Husema, sheria imeniachilia. Hawakufahamu. Kutolazimishwa na kadhi ni jambo moja, na kutokuwa na lawama ni jambo jingine kabisa. Kadhi hamlazimishi mtu kumwamkia jirani yake, wala kumpelekea mchuzi, wala kumzuru akiwa mgonjwa; na ni nani atakayesema kwamba asiyefanya hayo ni jirani mwema? Imepokewa kwamba Jibrili hakuacha kumuusia Bwana Mtume (s.a.w.) juu ya jirani, hata akadhani kwamba jirani atafanywa mrithi. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa jirani asiye mrithi, basi mrithi aliye jirani ana hali gani?

Na iko hadithi nyingine, aliyoipokea Nu'man bin Bashir, ambayo watu wa pwani wangepasa kuifahamu kuliko watu wote, kwani ni khabari ya chombo. Watu walipigiana kura katika chombo, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini walipotaka maji iliwabidi kupita kwa wa juu. Wakaona: lau tungetoboa tundu katika fungu letu wenyewe, tusiwaudhi wenzetu wa juu. Wakiachwa watoboe, wataangamia wote. Wakishikwa mikono, wataokoka wote. Wengi huisimulia hadithi hii kwa kuwalaumu wa chini kana kwamba walikuwa wabaya. Na atazame tena msomaji. Watu wale hawakukusudia uovu. Walikusudia kutowaudhi wenzao, na walitaka kutoboa katika fungu lao tu, wasiguse la mtu. Khatari yote ilikuwa katika neno hilo, fungu letu. Mtu ana fungu katika vyumba vya chombo, lakini katika mbao za chini hapana fungu la mtu. Vivyo hivyo katika nyumba ya shirika: chumba ni cha mtu, na dari, na msingi, na ukuta wa kati, na birika la maji, ni chombo.

Basi kadhi halazimishi, na insafu ya mtu peke yake haipaki chokaa. Limebaki jambo la tatu, nalo ni sharti waliloliandika watu kabla ya ufa kutokea. Wanazuoni hutenga shirika la milki, kama la warithi, ambalo humwangukia mtu pasi na kulitaka, na shirika la akidi, ambalo watu huliingia kwa khiari na maneno yao. Mwenye kurithi hakumchagua mwenziwe. Mwenye kuandikiana amemchagua, amemtazama usoni, na amejifunga kwa ulimi wake. Na Waislamu wameagizwa kusimama juu ya masharti yao, maadamu hayahalalishi haramu wala hayaharamishi halali. Mtu akisema nyumba ya shirika haifai, sharti aulizwe kwanza: shirika lipi?

Wazee hawakuwa wajinga wa jambo hili. Wao walikuwa na wakfu. Mwenye nyumba aliifunga rakaba yake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, isiuzwe, isipewe mtu, isirithiwe, kama alivyofanya Sayyidna Omar kwa ardhi yake ya Khaibar. Na manfaa ya kukaa akawawekea aliowataja. Na katika wakfu jambo la dari limekwisha kukatwa: mapato hutangulia kuingia katika matengenezo ya ile ain yenyewe, ndipo walioandikiwa wakapewa kilichosalia. Mtungaji wa hukumu hiyo aliujua moyo wa mwanadamu. Ni kweli kwamba wakfu wa watu wa nyumbani uliingiliwa. Mwaka 1894 baraza kuu la hukumu la London lilivunja wakfu wa namna hiyo katika kesi ya Bara Hindi, na mahakama za Afrika Mashariki zikaifuata hukumu hiyo, ingawa Bara Hindi walijitungia sheria ya kuurudisha mwaka 1913. Na ni kweli pia kwamba wakfu mwingi haukuangushwa na Waingereza bali na nadhiri aliyekula kodi na kuyasahau matengenezo.

Hata umbo la miji ya zamani lashuhudia kwamba watu walikaa kwa kushirikiana. Lamu, nyumba hushikana ukuta kwa ukuta, na ukuta mmoja kubeba boriti za pande mbili ni mawe na chokaa iliyookolewa. Upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, si matamanio ya mwenye nyumba. Baba alimjengea binti yake juu ya nyumba yake au ubavuni mwake, na njia ilipokatiza katikati wakatupa wikio juu ya njia, wanawake wakapita nyumba hadi nyumba pasi na kuonekana barabarani. Wageni huzisifu nyumba hizo kwa milango yake. Lililo la kusifiwa zaidi ni kwamba zilimpa mtu faragha yake na jirani yake kwa pamoja.

Mambo haya mawili, faragha na jirani, ndiyo yanayotafutwa sasa na watu wa mbali waliokwisha kuyapoteza. Denmark, mwaka 1964, mchora ramani za nyumba aitwaye Jan Gudmand-Høyer aliwakusanya rafiki zake wakashauriana kujenga mtaa mmoja wa kukaa pamoja. Walinunua kiwanja Hareskov, karibu na Copenhagen. Majirani wakawapinga, wakichelea kelele za watoto, na shauri lile likavunjika. Mwaka 1967 bibi mmoja, Bodil Graae, aliandika gazetini kwamba yafaa kila mtoto awe na wazazi mia. Mwaka 1972 ukakaliwa mtaa wa Sættedammen, wenye nyumba 27, na mwaka uliofuata ukakaliwa wa Skråplanet, wa yule yule Gudmand-Høyer. Tokea hapo desturi hiyo ikaenea. Mwaka 1991 ilifika California, katika mji wa Davis, ambako watu wa Muir Commons walijenga nyumba 26.

Utaratibu wao si wa kulala chumba kimoja kama wengine wanavyodhani. Kila jamaa wana nyumba yao kamili, na jiko lao, na mlango wao. Zaidi ya hayo iko nyumba ya wote, yenye jiko kubwa na ukumbi wa kulia, na mahali pa kufulia, na chumba cha watoto, na vyombo vya useremala. Magari huachwa ukingoni, ndani hupita miguu tu. Siku kadhaa za juma hupikwa chakula cha jioni cha wote, na wazima hushika zamu ya kupika, hata zamu ya mtu haimfikii ila mara chache. Jambo hili wamelipa jina jipya na kuliandikia vitabu. Pwani laitwa kikoa, na vijana wamelifanya pasi na kitabu. Faida yake yaonekana: nyumba ya kila mtu huwa ndogo kwa kuwa yaliyo makubwa ni ya wote, kuni na moto wa baridi hupungua, na mashine moja huwatosha wengi.

Lakini haifai kusifu nusu ya jambo. Watu hao hukaa katika vikao miezi na miaka kabla ya jiwe la kwanza, na wengi hutoka njiani. Na walio wengi ni wasomi wenye kipato, si wachukuzi wa bandarini. Mwenye kutaka kuona maskini walivyojenga kwa shirika na aitazame Uruguay.

Huko, baada ya majaribio katika miji mitatu tangu mwaka 1966, ilitoka sheria ya Desemba 1968, nambari 13.728, ikavipa vyama vya nyumba njia ya kupata ardhi na mkopo wa serikali. Wasio na fedha walilipa kwa mikono. Kila jamaa walitakiwa saa 21 za kazi kwa juma, mume, mke au mwana mkubwa, wakichanganya zege na kupanga matofali; na katika vyama vingi nyumba haikuwa na jina la mtu wakati wa kujengwa, ili kila mmoja ajenge ya mwenziwe kama ajengavyo yake. Huu ni ujima wenyewe. Mwaka 1970 vyama hivyo viliunda umoja wao uitwao FUCVAM. Na katika vile wanavyoviita vya watumiaji, chama ndicho mwenye nyumba. Mwanachama ana haki ya kukaa maisha yake, nayo huenda kwa warithi wake. Akitaka kutoka hurudishiwa alichokiweka, lakini haiuzi nyumba sokoni. Ajuaye fikihi ataona mara moja kwamba hapa rakaba imetengwa na manfaa, ingawa waliofanya hivyo hawakulisikia kamwe neno wakfu.

Nguvu ya jambo hilo ilijulikana siku ya taabu. Tangu mwaka 1973 nchi hiyo ilitawaliwa na askari, na mwaka 1983 wakatunga sheria ya kuzigeuza nyumba za shirika ziwe za mtu mmoja mmoja. Jumapili ya tarehe 26 Februari 1984, wanachama walikwenda mlango kwa mlango, wakakusanya sahihi zaidi ya 300,000 kwa siku moja, katika nchi yenye watu kiasi cha milioni tatu. Walikuwa wakitolewa kupewa milki, nao wakaikataa! Mtu wa pwani ataona ajabu. Hao walijua kwamba milki ya mmoja mmoja huuzwa siku ya njaa, na nyumba zao zingekwisha mikononi mwa wenye fedha chumba kwa chumba.

Yapo mawili ambayo Mwislamu hawezi kuyachukua kutoka huko bila kuyachuja. La kwanza ni riba, kwani mikopo ile ilikuwa na riba. Ujima hauhitaji riba, na si kweli kwamba hapana njia nyingine: Waislamu wa Toronto waliunda chama chao cha nyumba mwaka 1981, wanachama wakaweka hisa, na chama kikanunua nyumba pamoja na mwanachama, akalipa kodi kwa fungu la chama na kulinunua kidogo kidogo hata nyumba ikawa yake yote. La pili ni sitara. Ukumbi wa wote wapaswa kuwa na upande wa wanawake na mlango wake, na ramani ichorwe hivyo tangu mwanzo. Wenye kudai kwamba sitara hukataza kukaa kwa shirika hawajaliangalia wikio.

Na nani auziwe fungu la mwenye kutoka? Sheria imetangulia hapa pia. Mshirika ana haki ya shufaa, alichukue fungu kwa bei ile ile aliyopewa mgeni, ili asiingiliwe na asiyemtaka. Kwa Imam Shafii haki hiyo ni ya mshirika katika ambacho hakijagawanywa, wala si ya jirani tu, kama wasemavyo Mahanafi. Tena si kila kitu kina shufaa: kidogo ambacho kikigawanywa hupotea manfaa yake hakiingii. Kwa hiyo watu wa nyumba moja wasiegemee shufaa pekee. Waandikiane kwa maneno yaliyo wazi, na waliopo wote watie mkono.

Warudi sasa wale kumi na mmoja kwenye nyumba yao ya mafungu 4,800. Hapana anayewalazimisha kukaa pamoja milele. Wasioitaka nyumba waweza kusulihiwa kwa fedha au kwa kitu kingine wakatoka, jambo ambalo wanafaraidhi huliita takharuji. Fungu la mtoto lina walii wake, naye hana ruhusa ya kulipunja. Watakaobaki, wawe watatu au watano, watakuwa wamechaguana. Wataandika kila chumba ni cha nani, na kipi ni cha wote: dari, ngazi, birika, ukumbi. Wataandika kila mwezi kila mmoja atoe nini, kwa kadiri ya fungu lake, na kiwekwe wapi, na nani aonyeshwe hesabu. Akaaye ndani atahesabiwa kodi ya mafungu yasiyo yake, na atakachokitumia kwa matengenezo kitatolewa katika kodi hiyo. Na kwa maneno hayo mawili tu ugomvi wa Maskati na Toronto umekwisha. Kisha wamtaje mtu mmoja kwa jina lake, wa kupanda juu ya dari kila mwaka na ndoo ya chokaa, mwezi wa Februari, kabla ya masika kuanza.